Treni Nane Hadi Leipzig

Kwa miaka minne niliwaambia watu kwamba sikwenda kwenye harusi ya mdogo wangu Aneti kwa sababu ya nauli. Nilisema hivyo kanisani, nikasema kazini, nikamwambia hata kinyozi. Hapa Barking, London, kila mtu ana ndugu ambaye hajamwona kwa sababu ya nauli, kwa hiyo hakuna aliyenihoji. Ukweli ni kwamba siku zile ningefika Leipzig kwa bei ya jozi ya viatu, tena si vya ngozi. Nilikuwa nimenuna tu. Mchumba wake, Mjerumani aitwaye Jens, aliniletea barua ya posa kwa baruapepe. Baba yetu alikwisha kufariki na mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo ni kweli barua ilitakiwa kuja kwangu. Lakini ilitakiwa ije na mshenga, ndani ya bahasha, na watu wazima wakae sebuleni wanywe soda. Ya Jens ilikuja Jumanne mchana, katikati ya tangazo la mablanketi na bili ya umeme. Sikuijibu. Wakaoana bila mimi.

Mwezi wa Juni Aneti akanipigia simu. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, akampa jina la baba.

"Kaka, atabatizwa Septemba," alisema. "Nataka wewe ndiye uwe baba yake wa ubatizo. Kama nauli itaruhusu."

Hayo maneno ya mwisho aliyasema taratibu, kama mtu anayeweka kikombe chenye ufa mezani. Nikasema nitakuja.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Shangazi Marta, dada yake marehemu baba, anayeishi Croydon na mwanawe, naye alisema hawezi kukosa ubatizo wa mtu mwenye jina la kaka yake. Lakini shangazi alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa sikio, na daktari alimkataza ndege kwa miezi kadhaa. Nilipomwambia kwamba basi tutakwenda kwa treni, aliuliza kama treni zinafika huko. Nikamwambia aniachie mimi.

Mimi ni karani wa kumbukumbu hospitalini. Kazi yangu ni kuhakikisha faili la mtu haliingii kwenye faili la mtu mwingine, na kwa kazi hiyo sijawahi kulaumiwa. Nikatengeneza jedwali kwenye kompyuta. Nikajifunza kwamba treni ileile, kiti kilekile, huuzwa bei tatu kutegemea umenunua lini. Kwamba Ijumaa asubuhi mapema ni nafuu kuliko Ijumaa mchana. Kwamba Ujerumani kuna tiketi ya siku moja ya treni za polepole, ambayo kwayo unaweza kuivuka nchi nzima ukiwa na subira na mgongo mzuri. Nikapaka rangi ya kijani treni za nafuu, na nyekundu sehemu za kubadilishia. Mke wangu Neema, ambaye ni muuguzi na haoni tabu kulipa pesa akitaka kufika, alisimama nyuma yangu akatazama.

"Huu ni mpango wa safari au wa vita?" aliuliza.

Nikamwambia watu wengi hupoteza fedha kwa kukosa utaratibu. Binti yetu Upendo, ambaye Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alisema kwa Kiingereza kwamba rangi zilikuwa nzuri.

Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, tulitoka Barking. Shangazi alikuwa amelala kwetu. Alikuwa na sanduku moja, na begi kubwa la plastiki ambalo hakutaka nilibebe wala nilifungue. Nilifikiri ni nguo za mtoto.

Stesheni ya St Pancras, mizigo hupitishwa kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Lile begi lilipoingia, mkanda ukasimama. Msichana aliyekuwa akitazama kioo akamwita mwenzake, mwenzake akamwita wa tatu. Wakafungua begi, wakatoa mbuzi ya kukunia nazi, ya mti mwekundu, yenye chuma chake cha meno mbele.

"Shangazi!"

"Nini? Aneti ananyonyesha. Unataka anywe tui la kopo?"

Wakaniuliza ni kitu gani. Asubuhi ile Kiingereza changu chote kilinikimbia. Nikawaambia ni mbuzi. Walipozidi kunitazama nikaeleza kwamba ndiyo, mnyama yule yule, ila hii ni ya nazi. Shangazi akaona naharibu. Akaifungua ile mbuzi, akaiweka sakafuni, akaikalia mbele ya foleni nzima, akaanza kukuna nazi ambayo haikuwepo. Mfanyabiashara mmoja nyuma yetu akatoa simu kupiga picha.

Hapo akaja msimamizi wao, bwana wa Kihindi mwenye mvi. Akasimama, akamtazama shangazi kwa muda, kisha akasema kwa Kiswahili cha Tanga kabisa, kilichoshika kutu kidogo:

"Mama, shikamoo. Hii mbuzi umeipata wapi?"

Nilitaka kumkumbatia. Wazazi wake walitoka Tanga, tulikokulia sisi. Mama yake yupo Kenton, na mbuzi anayo, na tui la kopo hataki hata kulisikia. Waliulizana mitaa. Waligundua kwamba duka la babu yake lilikuwa mkabala na shule aliyosoma shangazi.

"Basi mwanangu," shangazi akasema, akiinuka na kujifuta gauni, "tupishe, treni isituache."

"Mama," akasema kwa heshima kubwa, "hata ya mama yangu nisingeipitisha."

Akatoa bisibisi mfukoni, akafungua kile chuma taratibu, akakiweka pembeni, akampa shangazi kibao chake kwa mikono miwili. Kujuana kwetu kulitusaidia kwa kiasi hicho: tulinyang'anywa kwa Kiswahili.

Mbele ya hapo kuna maofisa wa mpaka wa upande wa pili, Wafaransa, nao siku hizi wanataka alama za vidole. Mashine ilikataa vidole vya shangazi. Amefanya kazi jikoni hospitalini miaka ishirini na mbili, na sabuni imevilamba vikawa laini kama kijiko. Ofisa akamwambia abonyeze tena, na tena. Mara ya tano mashine ikamkubali, nadhani kwa kuchoka. Tuliingia kwenye behewa zikiwa zimebaki dakika nne. Kwenye jedwali langu zilitakiwa kubaki arobaini.

Saa moja asubuhi treni ikaondoka. Nilikuwa nimelipa nyongeza kidogo ili shangazi apate dirisha. Tulipoingia chini ya bahari aliweka paji la uso kwenye kioo.

"Bahari iko wapi?"

"Iko juu yetu, shangazi."

Akatazama giza kwa dakika ishirini nzima. Tulipotoka upande wa Ufaransa, kwenye mashamba na ng'ombe, akaniambia: "Na hili giza umelilipia."

Brussels tulifika kwa wakati. Saa yangu ya mkononi ilisema saa tatu na dakika tano, na treni ya kwenda Cologne ilikuwa ya saa tano na dakika ishirini na tano. Nilikuwa nimezima simu toka London, kwa kuogopa gharama za kuitumia ng'ambo. Kwa hiyo tulikuwa na saa mbili na zaidi. Nikamwambia shangazi kwamba huo ndio uzuri wa kupanga: mtu hakimbii. Tukatoka nje tukanywa chai, tukala keki zile zenye vishimo kama sega la nyuki, shangazi akanunua soksi za mtoto. Tulipokuwa tukirudi aliniita kwa jina, akanionyesha saa kubwa ya stesheni.

"Sante, mbona ile inasema nyingine?"

"Mbovu," nikamwambia.

Tulikaa kwenye benchi tukiwa tumewahi nusu saa nzima. Nikatazama ubao. Treni yetu haikuwepo. Nikatazama tena. Shangazi, ambaye sikio lake moja halisikii vizuri lakini macho yake hayajapata kasoro, akasema kwamba saa zote za stesheni ni mbovu kwa namna moja, na je, haiwezekani mbovu ni moja tu?

Ndipo nilipokumbuka kwamba Ulaya bara iko saa moja mbele ya London. Nilikuwa nalijua jambo hilo. Lilikuwa hata kwenye jedwali, chini kabisa, kwa maandishi madogo. Treni yetu ilikuwa imeondoka tukiwa tunachagua rangi ya soksi, na tiketi zetu, kwa kuwa zilikuwa za bei nafuu kuliko zote, zilikuwa halali kwa treni ile na si nyingine yoyote hadi kiama.

Shangazi alinisema pale pale, kwa sauti ya mtu asiyejua kwamba anapiga kelele. Alisema nina akili ya kutunza mafaili ya wagonjwa lakini saa inanishinda. Alisema baba yangu angekwenda kwa miguu na angekuwa amefika. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisafisha sakafu akaegemeza mti wa ufagio wake akatujia.

"Mama, munagombana na Kiswahili? Muko batu ya wapi?"

Aliitwa Mama Furaha, mtu wa Lubumbashi, na kazi yake ilikuwa inaisha baada ya robo saa. Nilimwonyesha jedwali. Alilitazama kwa huruma, kama mtu anayeonyeshwa picha ya eksirei.

"Hii yote ya nini? Mimi niko na kaka Aachen, ninaendaka kila mwezi. Munapanda ya Welkenraedt, inapita Liège. Pale munapanda ndogo mpaka Aachen. Kutoka Aachen, Cologne ni hapa tu."

"Na bei? Si tumechelewa kununua?"

"Treni ya ndani ya nchi bei yake ni moja, ndugu. Ununue leo, ununue mwaka jana."

Nikafanya hesabu. Njia yake ilikuwa nafuu kuliko ile ya kijani niliyoitafuta toka Juni. Sikumwambia shangazi, lakini aliniona usoni.

Saa saba mchana, na sasa nazungumzia saa za kule, tuliondoka Brussels pamoja na Mama Furaha, maana anakaa Liège. Yeye na shangazi walikaa wakitazamana, mimi pembeni na kibao cha mbuzi magotini. Kabla hatujafika Leuven, shangazi alikuwa amekwisha kumweleza habari za Aneti, za mtoto, za Jens.

"Na harusi ilikuwaka mzuri?" Mama Furaha akauliza.

"Muulize huyu," shangazi akasema. "Yeye ndiye mkubwa. Hakwenda."

Mama Furaha akanigeukia. Macho yake yalikuwa mema, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu.

"Juu ya nini haukuenda?"

"Nauli," nikasema.

Shangazi akacheka. Si kicheko kibaya. Alicheka kama mtu aliyesikia utani ambao ameushika miaka mingi akingoja mwenyewe autamke. Alicheka hadi akafuta machozi kwa soksi mpya za mtoto. "Nauli!" akasema. "Mama, huyu alinunua televisheni wiki ile ile." Mama Furaha hakucheka. Alinitazama tu, kisha akatazama nje. Aliposhuka Liège alimkumbatia shangazi, nami akanipa mkono, akasema, "Ufike, ndugu." Hakusema nifike salama. Alisema nifike.

Cologne tuliingia jioni, kwa treni ya nne, tukalala kwenye hosteli ya vijana karibu na stesheni. Nilikuwa nimeichagua kwa bei. Vitanda vilikuwa vya ghorofa. Shangazi alichukua cha chini, akasema kwamba ana miaka sitini na tisa na hatimaye amekwenda bweni.

Jumamosi asubuhi tulianza kuivuka Ujerumani kwa ile tiketi ya siku moja. Treni za tiketi hiyo husimama kila mahali penye watu wawili na baiskeli. Tulibadilisha Hagen. Tulibadilisha Kassel, ambako ubao ulisema tungoje dakika kumi, kisha kumi na tano, kisha ukaacha kusema. Milima ilikuwa mizuri, nadhani. Mimi nilikuwa nikitazama saa, ambayo sasa nilikuwa nimeirekebisha na nikiikagua kila nusu saa kama joto la mgonjwa. Katikati ya Kassel na Halle treni ikasimama kwenye shamba la mahindi, ikanyamaza. Shangazi alikuwa amelala, kichwa begani kwangu. Ndipo kwa mara ya kwanza tangu London nikakosa la kupanga. Nikajua pale kwamba nilikuwa naogopa. Milima na treni sikuviogopa. Niliogopa kwamba Aneti angekuwa mpole.

Saa kumi na moja jioni tukashuka Leipzig kutoka treni ya nane. Stesheni yenyewe ni kubwa kama uwanja wa mpira uliofunikwa, nikadhani tutatafutana. Lakini walikuwa mwisho wa reli, watatu, wamesimama wima kama wanapigwa picha. Shangazi akapita mbele yangu, akamchukua mtoto bila salamu. Aneti alikuwa amenenepa kidogo, na alikuwa na mvi moja mbele ambayo siijui.

"Umechelewa, kaka," akasema.

Nikaanza kumweleza habari za Kassel. Akanikumbatia nikiwa katikati ya sentensi.

Jens akanyoosha mkono. Mtu mrefu, mwalimu wa hesabu, masikio yamemwiva kwa haya. "Shikamoo, shemeji," akasema, neno moja moja. Nikaitikia marahaba.

Nyumbani kwao tulikula wali na mchuzi wa tui, la kopo. Shangazi alitoa kile kibao, akakiweka katikati ya meza, akaeleza kilichobaki London, na Aneti alicheka hadi mtoto akaamka. Ilikuwa jioni nzuri. Ningeweza kuiacha hivyo. Lakini nilimwona akimpa Jens bakuli bila kumtazama, kama watu waliozoeana wanavyopeana vitu, nikatambua kwamba hapa kulikuwa na miaka minne ambayo mimi siijui hata siku moja.

"Aneti," nikasema, "haikuwa nauli."

Shangazi akajishughulisha na mfupa.

"Najua, kaka. Wiki ile ya harusi niliangalia bei mwenyewe. Ilikuwa rahisi sana. Nilitaka kukununulia tiketi nikutumie."

"Mbona hukutuma?"

"Jens alinikataza. Alisema, ukimtumia tiketi asipokuja, utajua kwa hakika kwamba hataki. Lakini kama ni nauli, basi ni nauli, na siku moja bei inaweza kushuka. Akasema tukuachie nauli yako."

Nilinyanyuka nikaenda jikoni, ambako Jens alikuwa ameanza kuosha vyombo kabla watu hawajamaliza kula, kama wanaume wanavyofanya wakitaka kukimbia jambo. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta sahani.

"Barua yako niliipata," nikasema kwa Kiingereza.

"Najua. Kompyuta iliniambia imefunguliwa mara nane."

Hilo sikulitegemea.

"Ilikuwa na makosa?" akauliza.

"Uliandika kwamba unaomba mkono wa dada yangu. Nilijiuliza huo mmoja utaufanyia nini."

Akafikiri. Masikio yakaiva tena. "Kwetu ndivyo tunavyosema," akasema. "Sisi huanza na mkono."

Nikamwambia jibu langu ni ndiyo. Akanishukuru kwa adabu, akaniambia kwamba wameshaoana.

Jumapili saa nne tulikuwa kanisani, watu kama thelathini na paa refu. Mchungaji alikuwa mama mmoja mwenye viatu vya michezo chini ya joho. Aliniuliza kwa Kijerumani kama nitamlea mtoto huyu katika imani na kumsaidia maishani, na mimi, niliyekariri jibu ndani ya treni, nikajibu mapema mno, kabla hajamaliza. Watu wakacheka kidogo. Akarudia swali lote, nikajibu tena. Nadhani mimi ndiye mtu pekee kanisani aliyeapa mara mbili. Mtoto alipomwagiwa maji hakulia. Alikunja uso tu, akamtazama mchungaji kwa muda mrefu.

Jumatatu nilirudi peke yangu. Shangazi alisema sikio lake linahitaji hewa ya Ujerumani, na kwamba Aneti hajui kumfunga mtoto mgongoni. Atakaa mwezi mmoja. Jens alikuwa amenikatia tiketi mpya, ya treni za haraka, mbili tu hadi Brussels na moja hadi London, siti ya dirishani na meza. Nilipinga. Akasema ni zawadi kwa baba wa ubatizo, na kwamba kwao si adabu kukataa. Sina hakika kama kweli kuna desturi hiyo au aliitunga palepale. Nilikaa saa kumi nikiwa sina cha kukagua. Hakuna aliyenigombeza, hakuna aliyenisemesha. Lilikuwa jambo la starehe na nililichoka kabla ya Frankfurt.

Kazini sasa watu wananijia niwasaidie kupanga safari za treni. Nawapa jedwali, ni jedwali zuri. Nawaambia wanunue mapema, wasizime simu, na wamuulize yeyote anayefanya usafi stesheni kabla ya kuniuliza mimi. Nawaambia pia kwamba ukiona umetafuta nauli nafuu miezi mitatu na kila ukiipata unaona bado ni kubwa, acha kutafuta, mpigie mtu simu. Hili la mwisho huwa hawaliandiki.

Jioni ile niliyorudi, Neema alinifungulia mlango akiwa bado na sare ya kazi. Hakuuliza habari za treni. Alitaka picha. Tulikaa kwenye ngazi, akazitazama moja moja, akasimama kwenye ile ya kanisani ambapo mtoto amemkunjia uso mchungaji. Akaivuta ikawa kubwa.

"Mungu wangu," akasema. "Huyu akinuna ni wewe mtupu."

Nikamwambia Aneti ameliona hilo tangu wiki ya kwanza, na kwamba ndiyo sababu alinitaka mimi, nisaidie kumfundisha aache.